Je, Wajua? Kilichosalimika Flash Ilipozimwa

Tarehe 12 Januari 2021 Adobe iliifungia Flash Player isicheze tena kazi zilizotengenezwa kwa Flash, na michezo, masomo na katuni za zaidi ya miaka 20 zikanyamaza kwenye vivinjari. Wengi husimulia tukio hilo kama msiba usioacha mrithi. Naona sivyo. Faili la SWF, ambalo Flash Player ililicheza, hufungasha michoro, sauti, maneno na maagizo pamoja, katika mfumo wa binari usiosomeka kwa macho. Lakini tangu Flash 5 ilipotoka mwaka 2000 ikiwa na uwezo wa kusoma XML, mtengenezaji aliweza kuyaweka maneno, maswali na majina ya picha nje, katika faili la XML, yaani la maandishi yenye lebo. Programu ililiita faili hilo, ikalipasua kuwa mti wa nodi, kisha ikachota ilichohitaji. Kazi yenyewe ilichosha: ActionScript ya awali, lugha ya maagizo ya Flash, ilihesabu hata nafasi tupu kati ya lebo kuwa nodi, hadi uiamuru izipuuze. Nafuu ya kweli ilikuja mwaka 2006 na ActionScript 3, ambapo ulitaja tu jina la lebo baada ya nukta. Aliyevumilia usumbufu huo, leo masomo yake yanafunguka kwa kihariri chochote cha maandishi.

Wapo wanaosema XML ni nzito, kila lebo ifunguliwe na kufungwa, na muundo mwingine wa data, JSON, hufanya kazi hiyo kwa herufi chache. Kwa orodha ya alama za mchezo, nakubali. Kwa somo lenye aya, ambamo neno moja katikati ya sentensi linahitaji kukolezwa au kutajwa kuwa ni la lugha nyingine, XML haina mpinzani. Sifa yake ya xml:lang iliwekwa mahususi kutambulisha lugha, hivyo somo hilohilo laweza kubeba Kiswahili na Kifaransa bila michoro kuguswa. Pingamizi zito zaidi ni kwamba maneno si mwendo, na uhuishaji ulibaki ndani ya SWF. Ni kweli. Hata hivyo, tangu toleo la CS5 la programu ya kutengenezea Flash la mwaka 2010, faili la kazi la FLA, ambalo SWF hutolewa humo, ni kifurushi cha ZIP: ukilifungua hivyo unakuta DOMDocument.xml, iliyoandika matabaka na fremu kwa lebo zinazosomeka. Kwa hiyo maktaba inayopokea kazi za zama hizo isiridhike na SWF. Iombe FLA pamoja na mafaili ya XML yaliyokuwa kando yake.