Jinsi ya kubadilisha diski ya kipakatalishi bila kuweka Windows upya

WENGI wenye vipakatalishi vikuukuu hulalamika kuwa mashine zao huchukua dakika kadhaa kuwaka, au kwamba nafasi ya kuhifadhia nyaraka imekwisha. Mara nyingi dawa huwa ni kubadilisha diski. Hata hivyo, baadhi ya mafundi wakishaweka diski mpya hupakia Windows upya. Mteja huondoka na mashine yenye kasi, ila amepoteza programu alizonunua, mipangilio aliyoizoea na, pengine, hata faili zake.

Hasara hiyo yaweza kuepukwa kwa kunakili diski nzima. Programu maalumu huhamisha kila kilichomo, zikiwemo sehemu fiche ambazo Windows hutegemea ili kuwaka. Kunakili faili kwa mkono hakutoshi, kwani sehemu hizo huachwa nyuma.

Kwanza, bainisha aina ya diski. Vipakatalishi vingi vya zamani hutumia diski ya SATA ya inchi 2.5, ilhali vipya hutumia kijidiski chembamba cha M.2. Diski yenye sahani zinazozunguka husoma takriban megabaiti 100 kwa sekunde. SSD ya SATA, isiyo na kitu kinachozunguka, hukaribia 500.

Pili, hifadhi faili muhimu mahali pengine kabla ya kugusa chochote. Iwapo diski ya zamani inatoa sauti ya kugonga, okoa faili hizo upesi, kwa sababu kuisoma yote kwaweza kuimaliza. Aidha, ikiwa imefungwa kwa BitLocker, tafuta ufunguo wake wa tarakimu 48 na uifungue kwanza.

Tatu, unganisha diski mpya kwa waya wa USB, na uhakikishe kuwa chaja imechomekwa. Miongoni mwa programu zisizolipiwa ni Clonezilla, iliyobuniwa Taiwan. Kwa kawaida programu hii huhitaji diski mpya isiwe ndogo kuliko ya zamani.

Hapa ndipo penye hatari kubwa. Programu itakuuliza ni diski gani inayonakiliwa na ni ipi inayopokea. Ukizigeuza, diski tupu itanakiliwa juu ya iliyojaa na kazi ya miaka mingi kufutika. Soma jina na ukubwa wa kila moja, kisha usome tena, kabla ya kukubali.

Shughuli ikikamilika, zima mashine, chomoa chaja na betri, kisha ubadilishe diski. Washa ukiwa na ile mpya pekee. Nafasi ya ziada isipoonekana, ipanue kwa kutumia kifaa cha Windows cha kusimamia diski.

Fahamu pia kuwa kunakili huhamisha yote, virusi vikiwemo. Isitoshe, diski mpya haiongezi umri wa Windows yenyewe: Microsoft ilikomesha huduma za kawaida kwa Windows 10 mnamo Oktoba 14, 2025.

Mwisho, usifute diski ya zamani mara moja. Akiba haiozi. Ihifadhi kwa wiki kadhaa hadi uthibitishe kuwa kila faili inafunguka, na usiiuze wala kuigawa kabla ya kuisafisha kabisa.