Mwenye Diski na Mwenye Idhini

Mwaka 1908 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi ambayo haikuwa na uhusiano wowote na michezo ya kompyuta, maana kompyuta zenyewe zilikuwa hazijazaliwa. Kampuni ya Bobbs-Merrill ilikuwa imepiga chapa riwaya iitwayo The Castaway, na ndani yake ikatia onyo kwamba bei ya kitabu ni dola 1, na kwamba mfanyabiashara atakayekiuza kwa chini ya hapo atahesabiwa kuwa amevunja hakimiliki. Duka la Macy's la New York likakiuza kwa senti 89, likashtakiwa. Mahakama ikahukumu kwamba mwenye hakimiliki akisha kuuza nakala kwa hiari yake na kupokea thamani yake, hana tena amri juu ya bei ambayo mnunuzi ataiuzia. Katika hukumu hiyo, na katika sheria zilizoifuata, ndimo ilimokita mizizi kanuni ambayo leo twaiona kuwa jambo la maumbile: kwamba kitabu, santuri au diski niliyoinunua ni milki yangu, naweza kuiuza, kuiazimisha, kuitoa zawadi au kuiacha ikarithiwa.

Kijana aliyenunua diski ya PlayStation Mombasa au Dar es Salaam hakuwa na habari ya Bobbs-Merrill, walakini aliifuata kanuni ile ile bila ya kuisoma popote: gemu ikimchosha aliiuza, akaongeza fedha kidogo, akachukua nyingine, na mwenye kibanda cha gemu, ambamo watoto hulipa kwa kila mechi na kugombania pedi, aliweza kuanza kazi yake kwa diski ambazo watu wengine wamekwisha kuzicheza.

Gemu inayopakuliwa mtandaoni haimo katika utaratibu huo. Kinachouzwa si nakala bali ni idhini ya kutumia, iliyofungwa kwenye akaunti ya mtu mmoja, na masharti ya maduka makubwa, Steam likiwa miongoni mwao, yakataza akaunti hiyo isiuzwe wala isihamishiwe mtu mwingine. Hata mtu aweza kukusanya gemu kwa miaka ishirini, zikamgharimu fedha nyingi, na asiweze kumwachia mwanawe hata moja kwa njia ambayo mkataba unaitambua. Ufaransa jambo hili lilifikishwa mahakamani. Chama cha kutetea wateja, UFC-Que Choisir, kilimshtaki Valve mwenye Steam, na mwaka 2019 mahakama ya Paris ikakipa ushindi, ikisema mnunuzi ana haki ya kuuza tena; lakini mwaka 2022 mahakama ya rufani ikaitangua hukumu hiyo, na mwaka 2024 mahakama iliyo juu kabisa ikaukubali utanguzi huo. Kalifornia nako ilipitishwa sheria iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2025, ambayo haikumrudishia mnunuzi haki ya kuuza, bali ilimlazimisha muuzaji tu aeleze waziwazi kwamba anachokitoa ni leseni. Ni hatua ndogo, ila afadhali mtu aambiwe kabla hajalipa.

Diski yenyewe nayo nusura ifungwe minyororo. Mwezi Juni 2013 Microsoft ilitangaza kwamba mashine yake mpya, Xbox One, itahitaji kuunganishwa na intaneti angalau mara moja kila saa 24, na kwamba kuuza au kumpa mwenzio gemu ya diski kutakuwa na masharti. Sony, mshindani wake, hakuandika waraka wa kujibu. Alitoa filamu fupi mno ya kufundisha jinsi ya kuazimana gemu za PlayStation 4, ambamo Shuhei Yoshida, mmoja wa wakuu wa kampuni hiyo, anamkabidhi mwenzake Adam Boyes kasha la gemu, naye anashukuru, na somo limekwisha. Ulimwengu ukacheka, na kabla ya mwezi ule kumalizika Microsoft ikayafuta masharti yake.

Lakini jambo lililokataliwa lilipokuja kwa amri lilikubaliwa baadaye lilipokuja kwa mazoea. PlayStation 5 ilipotoka mwaka 2020 iliuzwa kwa namna mbili, yenye tundu la diski kwa dola 499 na isiyo nalo kwa dola 399; na mwaka 2024 ikaja PlayStation 5 Pro, iliyoanza kuuzwa kwa dola 699, isiyo na tundu kabisa, na atakaye tundu hununua kifaa chake kando. Kompyuta za mkononi zilikwisha kuacha matundu hayo zamani. Na haki isemwe: watu hawakuburutwa. Gemu iliyopakuliwa haikwaruziki wala haiibiwi na wageni; hupunguzwa bei mara kwa mara, pengine hata kufikia robo ya bei ya kwanza; Steam humrudishia mteja fedha zake akiomba ndani ya siku 14 na akiwa hajaicheza kwa zaidi ya saa 2, ihsani ambayo wauza diski wengi hawana; na waundaji wadogo, wasio na uwezo wa kupiga chapa diski na kuzisafirisha, wamepata njia ya kuwafikia wachezaji wa dunia nzima. Mimi sioni sababu ya kuyadharau mambo haya ati kwa kupenda vya kale.

Kwa upande wetu wa dunia, hata hivyo, hesabu ya kwanza ni ya bando. Gemu kubwa ya leo yaweza kufikia gigabaiti 100, na kwa intaneti ya megabiti 10 kwa sekunde, isiyokatika hata dakika moja, kuipakua huchukua zaidi ya saa 22. Diski ya PlayStation 5 yaweza kubeba gigabaiti hizo 100 kwa ukamilifu wake, na mtu akaiingiza mashineni bila ya kutumia bando, ingawa marekebisho ambayo watengenezaji huyatoa baadaye bado yatapitia mtandaoni. Fauka ya hayo, diski ya mkono wa pili haidai kadi ya benki wala haiulizi mnunuzi ni wa nchi gani.

Walakini si kila diski ina gemu ndani yake, na hapa ndipo mnunuzi hudanganyika kwa macho yake. Tony Hawk's Pro Skater 5, ya mwaka 2015, iliuzwa kwa diski iliyokuwa na sehemu ya mafunzo na vitu vichache tu, na sehemu kubwa ya mchezo ikabidi ipakuliwe. Call of Duty: Modern Warfare II, ya mwaka 2022, ilikuja katika diski ya PlayStation 5 iliyobeba data isiyofika megabaiti 100, na iliyobaki yote ikaagizwa hewani. Nintendo, kwa mashine yake ya Switch 2 iliyotoka Juni 2025, ameurasimisha mtindo huu: ziko kadi zenye gemu, na ziko kadi zisizo na gemu, ambazo kazi yake ni kuiruhusu mashine ipakue. Kadi hiyo yaweza kuuzwa tena, jambo ambalo si haba, lakini siku ghala la Nintendo litakapofungwa itakuwa kipande cha plastiki. Maandishi ya onyo huwapo kwenye kasha, aghalabu upande wa chini, kwa herufi ndogo, yasomwe.

Nayo maghala hufungwa. Duka la mtandaoni la Wii U na 3DS, mashine za zamani za Nintendo, liliacha kuuza tarehe 27 Machi 2023, na la Xbox 360 likafuata Julai 2024. Wacheza gemu za mpira wana mfano wao: kampuni ya EA ilipoachana na jina la FIFA mwaka 2023, matoleo ya zamani yaliondolewa katika maduka ya mtandaoni, ilhali diski zake zaendelea kupita mkono kwa mkono. Lipo jambo zito zaidi. The Crew, gemu ya mbio za magari ya Ubisoft iliyotoka mwaka 2014, haikuweza kuchezwa bila ya seva za kampuni, hata na mtu aliye peke yake. Seva zilipozimwa tarehe 31 Machi 2024, mwenye diski na aliyepakua waliamka wakiwa sawasawa, hawana kitu. Kutokana na kisa hicho mtengeneza video wa YouTube, Ross Scott, alianzisha harakati ya kudai gemu zisiuawe namna hiyo, na ombi lililopelekwa Umoja wa Ulaya lilipita saini milioni 1 mwaka 2025.

Kwa hiyo swali la diski au kupakua, peke yake, halitoshi. Lililo aula ni kuuliza kama gemu yote imo ndani ya kile ninachokichukua, na kama itafunguka intaneti ikikatwa. Kwa mwenye kompyuta, duka la GOG, lililoanzishwa Poland mwaka 2008, hutoa gemu zisizo na kufuli, ambazo mnunuzi hupakua faili lake, akalihifadhi katika diski ngumu yake na kulitumia bila ya kuomba ruhusa tena; kimkataba hiyo nayo ni leseni, lakini ni leseni ambayo hakuna awezaye kuizima kwa mbali. Kwa gemu ya kuchezwa mtandaoni tu, mimi ningepakua inapopunguzwa bei, nikijua kwamba nakodi. Kwa gemu ya hadithi, au ya mpira wa sebuleni na jamaa, ningetafuta diski.

Na atafutaye ya mkono wa pili aigeuze dhidi ya mwanga. Katika Blu-ray data hulala chini ya tabaka jembamba la takriban milimita 0.1, ambalo hupakwa utando mgumu wa kulilinda. Michirizi myepesi kwa kawaida haina neno, bali mkwaruzo unaoshikika kwa ukucha ni wa kuogopwa. Kisha akague ndani ya kasha: ikiwa mna karatasi yenye namba ya siri iliyokwisha kutumika, basi sehemu fulani ya gemu iliondoka na mwenyewe wa kwanza, na bei ishuke kwa kadiri hiyo.