Ripoti ya historia ya gari

Ripoti ya historia ya gari ni taarifa kuhusu ajali, ukaguzi na kilomita za gari lililotumika. Nchini Tanzania magari mengi ya aina hiyo hutoka Japani, na ripoti hutafutwa kwa namba ya chasisi.

Ripoti hiyo huonyesha tu yaliyoandikwa Japani, hasa kwenye minada na ukaguzi. Gari lililotembea miaka mingi kati ya Dodoma, Kondoa na Singida laweza kuwa limegongwa na kunyooshwa gereji bila kumbukumbu yoyote kubaki. Hivyo ripoti safi haithibitishi kwamba gari ni zima. Mnunuzi hulinganisha namba ya chasisi na kadi ya gari inayotolewa na Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA), kisha humwita fundi alikague.