Utoto wa vurugu na hadithi za mwandishi

Wazazi wengi waliokimbia makwao hujiuliza: mtoto aliyeona vurugu ataifanyia nini kumbukumbu hiyo? Hapa Lubumbashi tuna mfano mmoja.

Fiston Mwanza Mujila alizaliwa mjini humu mwaka 1981. Alikuwa bado mtoto wakati wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi waliposhambuliwa usiku, Mei 1990. Katika miaka ya 1992 na 1993 Wakasai walifukuzwa Katanga, iliyoitwa Shaba wakati ule. Mamia ya maelfu walipoteza makao. Familia zililala miezi kwenye stesheni za Likasi na Kolwezi zikingoja treni, na wengi walifia hapo. Wakati huohuo Gécamines, iliyolisha miji hii, ilikuwa ikiporomoka.

Riwaya yake ya kwanza, Tram 83, ilitoka mwaka 2014 kwa Kifaransa. Inasimulia mji uliojitenga na nchi, chini ya jenerali muasi. Maisha yanazunguka stesheni ambayo haijakwisha kujengwa, machimbo na baa. Ya pili, La Danse du vilain (2020), inafuata watoto wa mitaani wa Lubumbashi katika siku za mwisho za utawala wa Mobutu.

Tunajifunza mambo matatu.

Kwanza, vurugu hazirudi kama orodha ya matukio. Zinarudi kama mahali, kelele, njaa na mzaha wa watu wanaotafuta riziki.

Pili, mwandishi hubadilisha aliyoyaona. Mji wa Tram 83 hauna jina, wala hakuna kabila linaloshitakiwa. Msomaji wa Kasai na wa Katanga wanaweza kuusoma pamoja bila mmoja kuinamisha kichwa.

Tatu, umbali husaidia. Mujila aliandika akiwa Graz, Austria. Gaël Faye, aliyezaliwa Bujumbura mwaka 1982, alikimbilia Ufaransa mwaka 1995. Riwaya yake Petit Pays ilitoka mwaka 2016, miaka 21 baadaye.

Kwa hiyo, ndugu viongozi na wazazi, mtoto akisimulia au akichora, tumsikilize bila kumharakisha. Tusimgeuze shahidi kwa kumuuliza ni nani aliyefanya. Akiliita jitu lile aliloliogopa "fisi", tumwache aliite fisi. Na asiyetaka kusema leo, tusimlazimishe.