Chuma Chini ya Mlango

Pikapu inayopanda kuelekea Kinole, kwenye milima ya Uluguru, wakati wa masika mara nyingi huumia polepole, kwa mwendo wa mtu anayetembea. Gurudumu la kushoto linazama kwenye korongo lililochimbwa na maji, gari linalala upande, na ukingo wa bodi ulio chini ya milango unakalia jiwe. Dereva anasikia mkwaruzo mrefu. Akifika juu, mlango haufunguki.

Ukingo huo ni bati lililokunjwa, ndani ni tupu. Umewekwa ushikilie nguzo za milango, haukuundwa kubebeshwa gari. Ukibonyea, milango hupoteza mkao wake, na kuunyoosha ni kukata bati na kuchomelea jingine. Pikapu huonja adha hii zaidi kwa sababu ya urefu. Kwenye Toyota Hilux ya milango minne, kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma ni milimita 3,085. Kwenye Suzuki Jimny ya milango mitatu ni 2,250. Nundu ambayo Jimny inaivuka bila kugusa, Hilux inaweza kuikalia kwa tumbo.

Kinga ya ukingo huo ni slaida, bomba nene la chuma linalopita chini ya milango, likibebwa na mikono mitatu au minne iliyofungwa kwenye chasisi. Chasisi ndiyo siri yote. Kebini ya pikapu imekaa juu ya chasisi kwa raba, na kwenye njia mbovu viwili hivyo hucheza kila kimoja kwa namna yake. Fundi akiifunga slaida kwenye bati la kebini, jiwe litaipitisha nguvu yake palepale ulipotaka pakingwe. Ngazi za alumini za kupandia abiria ni nzuri kwa abiria. Juu ya mwamba hukunjika, zikasukumwa hadi mlangoni, na hapo zimeongeza hasara.

Jaribio la slaida ni rahisi, nami nalidai kabla hela haijatoka mfukoni. Weka jeki chini ya slaida, katikati, mahali pagumu na tambarare, kisha inua taratibu mpaka tairi za upande huo zianze kuachia ardhi. Hapo chuma kimebeba karibu nusu ya gari, yaani tani moja hivi. Kisipinde, wala kisikaribie bodi. Asiwepo mtu chini ya gari, hata kwa dakika moja.

Katika Uluguru, hata hivyo, jiwe ni nusu tu ya habari. Mteremko wa mashariki unatazama Bahari ya Hindi na hupokea mvua nyingi kuliko ule wa magharibi, upande wa Mgeta, na udongo wake mwekundu ukilowa huwa kama sabuni. Gari huserereka kwa ubavu mpaka liegemee ukuta wa udongo wenye mizizi na mawe. Hapa ndipo slaida ninaipenda kwa dhati: gari linaegemea chuma, dereva anatulia, anasonga mbele huku bomba likiteleza juu ya ukuta. Ndiyo maana upande wake wa chini unapaswa kuwa laini, bila kichwa cha bolti kilichochomoza. Ncha ya nyuma ikipindishwa kidogo kwenda nje, husukuma mkia wa gari mbali na jiwe kabla tairi ya nyuma haijafika.

Lakini slaida hailindi kabisa yale yaliyo katikati ya tumbo. Difu, sampo, gia boksi na tanki la mafuta vinabaki wazi, na sampo iliyotoboka hukulaza porini, wakati mlango uliobonyea hukuumiza mfuko tu. Kwa hiyo mwenye fedha ya kitu kimoja aanze na bamba la chini ya injini. Ubavu wa bodi ya mizigo, nyuma ya kebini, nao slaida nyingi haziufikii. Uzito pia una bei yake: jozi nzito hupita kilo 50, na kwa anayeshusha ndizi sokoni Morogoro hiyo ni mikungu miwili au mitatu iliyoachwa shambani.

Kwa fundi wa kuchomelea, uliza bomba limetoka wapi. Bomba la maji lililopakwa zinki likichomelewa hutoa moshi unaompa fundi homa na kifua kubana. Pima pia unene wa ukuta wa bomba: nataka usipungue milimita 3. Atoboe matundu madogo upande wa chini ili maji yasikae ndani, kwani kutu huanzia pasipoonekana. Na baada ya safari ya kwanza ya milimani, lala chini ya gari ukaze kila bolti upya: rangi iliyokandamizwa chini ya mikono ya slaida hupungua unene, na bolti iliyokazwa sana Jumamosi hukutwa imelegea Jumatatu.