Si kila uvimbe wa korodani ni busha

Kutoka Tukuyu hadi Kyela, kusini-magharibi mwa Tanzania, ni mteremko mtupu. Mji wa Tukuyu, wilayani Rungwe, uko kwenye mwinuko wa mita zipatazo 1,500. Ziwa Nyasa, lililo chini upande wa Kyela, halifiki mita 500. Huko chini kwenye joto na mashamba ya mpunga, mbu wameeneza kwa miaka mingi minyoo wa Wuchereria bancrofti, waletao matende na mabusha. Kwa hiyo mwanamume wa Rungwe au Kyela akivimba mfuko wa korodani, jirani husema ni busha, naye mwenyewe usiku huwaza saratani. Mara nyingine si hili wala lile.

Ultrasaundi ndiyo huamua. Mgonjwa hupakwa jeli, kwa sababu hewa huzuia sauti kupenya mwilini. Sikio la binadamu hukomea mitetemo 20,000 kwa sekunde. Mashine hii hutuma milioni 7 hadi 15 au zaidi, kisha huchora picha kutokana na mwangwi unaorudi. Haiumi, wala haina mionzi. Maji ya busha huonekana meusi, korodani yenyewe ya kijivu iliyo laini.

Swali la kwanza la mtaalamu ni hili: uvimbe uko ndani ya korodani au nje yake? Ulio nje kwa kawaida hauna madhara. Huweza kuwa mafuta, kifuko cha majimaji, au uvimbe mgumu usio saratani kwenye mrija wa mbegu za kiume. Kuna hata vijiwe vya milimita chache vinavyoelea huru: hung'aa kwenye skrini, huacha kivuli nyuma yao, na mgonjwa akijigeuza navyo huhama. Hata minyoo wenyewe huweza kuonekana: huko Recife, Brazil, watafiti walieleza mwaka 1994 jinsi walivyowaona kwa mashine hii minyoo hai wa matende wakijinyonganyonga ndani ya mishipa ya limfu.

Uvimbe mgumu ulio ndani ya korodani huhesabiwa kuwa saratani mpaka ithibitike vingine. Lakini upo mmoja adimu, kifuko kilichojaa tabaka za keratini, protini ile ile ya kucha na nywele. Kwenye skrini huonyesha pete juu ya pete, kama kitunguu kilichokatwa, na kipimo cha Doppler hakioni damu ikipita ndani yake. Vipimo vya damu vya saratani vikiwa safi, daktari wa upasuaji anaweza kutoa kifuko tu na kuiacha korodani. Bila picha ile, kijana angeweza kupoteza kiungo kizima kwa uvimbe usiodhuru.

Kwa hiyo uvimbe usiouma usiufiche kwa aibu, wala usikubali kisu kabla ya kuuliza kuhusu ultrasaundi. Maumivu makali ya ghafla ni jambo jingine: korodani ikijisokota hukosa damu, na nafasi nzuri ya kuiokoa ni ndani ya saa 6. Hapo usingoje kesho, nenda hospitali.