Kabla ya Rangi, Patanisha Wino

Mwenye kalamu ya wino ana uhuru ambao mwenye bairo hana: akiichoka buluu ya dukani, anaweza kujitengenezea ya kwake. Kijani cha majani makavu, zambarau iliyopauka, kahawia yenye wekundu wa udongo, zote hupatikana kutokana na chupa tatu au nne. Wengi huanza kwa kuuliza watapata rangi gani wakichanganya hii na ile. Hilo ni swali la pili. La kwanza ni kama wino wa chupa hii unaweza kukaa na wa chupa ile bila kuharibiana, kwa kuwa kila mmoja ulitoka kiwandani ukiwa umekamilika, na viambato vyake vilipimwa vielewane vyenyewe kwa vyenyewe.

Sehemu kubwa ya wino ni maji. Ndani yake huwekwa rangi, kiambato cha kulegeza mvutano wa maji ili wino uteremke vizuri katika vijia vyembamba vilivyo chini ya nibu, kingine cha kuuzuia usikauke upesi, ambacho mara nyingi ni gliserini au jamii yake, na dawa ya kuzuia kuvu. Rangi yenyewe huwa ya namna mbili. Fundi wa pwani anayeandika kombe hutumia zafarani kwa sababu ikimwagiwa maji huyeyuka yote, mgonjwa akanywa. Angeandika kwa masizi, maji yangebeba chembe zisizoyeyuka. Wino mwingi wa kalamu ni wa namna ya zafarani: rangi imeyeyuka kabisa. Lakini upo wa namna ya masizi, kama Carbon Black ya kampuni ya Platinum, ambao una chembe ndogo mno zinazoelea. Chembe hizo zinaelea kwa hisani ya kemikali maalumu zinazozitenga. Ukitia wino mwingine unaovuruga mpango huo, chembe hushikana na kuziba njia. Wino wa Kichina na ule wa wachoraji wenye gundi, ambao baadhi ya watu hujaribu kuutia, usiingizwe kabisa kwenye kalamu hizi.

Hata rangi zilizoyeyuka zina masharti yake, na kubwa ni asidi na alkali. Buluu ya kawaida ya wanafunzi wa Ujerumani inalionyesha hili waziwazi. Wanafunzi hao wanapokosea hupitisha kalamu ya kufutia, na maandishi hupotea. Karatasi haikukwanguliwa na rangi haikuondoka. Dawa ya kufutia imebadili umbo la molekuli yake hata ikaacha kuonekana. Buluu hiyo hustawi kwenye asidi na hufifia kwenye alkali. Anayeichanganya na wino wenye alkali nyingi anajifutia rangi akiwa bado hajaandika neno.

Wino wa chuma na tanini, ambao huzidi kuwa mweusi unapokutana na hewa, una hatari nyingine. Chuma kilichomo hubaki kimeyeyuka kwa sababu ya asidi. Asidi ikipunguzwa na wino wa jirani, chuma hugeuka mashapo na kutuama chini. Salix na Scabiosa za Rohrer & Klingner ni za ukoo huu. Baystate Blue ya Noodler's iko upande wa pili: ina alkali, na haifai kuchanganywa na wino wa nje ya familia yake ya Baystate. Sheria fupi ni kwamba usiingize kwenye majaribio wino wa chuma, wa chembe au wenye vimetameta, mpaka mtengenezaji mwenyewe aseme unachanganyika.

Njia salama zaidi ni kubaki ndani ya familia moja. Platinum ya Japani ina mfululizo wa Mix Free: rangi tisa na maji maalumu ya kupunguzia ukali, zote zimeundwa zichanganywe. De Atramentis ya Ujerumani nayo ina mfululizo wa Document, ambao ni wa chembe lakini huchanganyika wenyewe kwa wenyewe. Huko chupa zimeshapatanishwa. Kazi yako ni rangi tu.

Sasa rangi. Anza na tatu zilizo safi: buluu inayoelekea kijani, waridi iliyokolea inayoelekea zambarau, na manjano. Ndiyo mantiki ya mashine za kuchapia. Sababu ya kusisitiza usafi ni kwamba chupa nyingi za dukani tayari ni michanganyiko. Dondosha tone la wino mweusi kwenye kipande cha karatasi ya kuchujia kahawa, chovya ncha yake majini, usubiri: mara nyingi utaona buluu, zambarau na manjano zikiachana. Ukichanganya chupa mbili za namna hiyo, huenda ukawa umekutanisha rangi tano au sita, na zao lake huwa rangi ya tope.

Nguvu za rangi pia hazilingani. Manjano ni dhaifu, buluu ni kali. Matone 9 ya manjano na 1 la buluu tayari ni kijani. Kwa hiyo tangulia na rangi hafifu, kisha ongeza kali tone kwa tone. Ukitaka kupooza kijani kinachong'aa mno, tia wekundu kidogo, kitaelekea zeituni. Nyeusi hupooza pia, ila huondoa uhai wa rangi. Ukitaka kupunguza ukali, tumia maji yaliyokenekwa, kama yale ya kuongezea betri ya gari, lakini hakikisha si asidi. Usizidishe, kwani kila tone la maji hupunguza pia dawa ya kuvu.

Kwa vifaa, bomba la sindano la ml 1 kutoka duka la dawa na vichupa vidogo vya kioo vinatosha. Changanya ml 1 au 2 tu, na usirudishe kilichobaki kwenye chupa mama. Funga, acha siku saba, kisha inamisha kichupa kwenye mwanga ukitafuta mashapo, nyuzi au utando. Kikiwa safi, chovya nibu, andika, na subiri pakauke kabisa ndipo uamue, maana wino mbichi hudanganya, na karatasi inayofyonza sana hupausha rangi. Kalamu ya kwanza kutiwa mchanganyiko iwe ya bei nafuu, inayofunguka na kuoshwa.

Andika kanuni yako kwa mililita, maana tone la bomba moja si tone la bomba lingine. Mchanganyiko uliotulia juma zima lakini rangi yake haikupendezi unaweza kuurekebisha kwa tone moja. Ule wenye rangi nzuri na mashapo chini, umwage.